Barua za Wafalme na Amri Iliyogawanyika: Maandalizi ya Msafara wa Kumwokoa Emin Pasha, 1886–1889

Historia ya misafara ya uvumbuzi imezoea kuhesabu siku tangu nanga inapong'olewa au mizigo inapotwikwa, ilhali mengi yaliyoamua hatima ya misafara hiyo yalikwisha kupangwa miezi kadhaa kabla, katika vyumba vya wafalme, mawaziri na wafadhili, ambako swali la nani atatoa amri lilijibiwa kwa maandishi na watu ambao wao wenyewe hawangesafiri. Swali hilo lina sehemu mbili zinazopaswa kuangaliwa pamoja. Sehemu ya kwanza ni uwezo wa mtawala kutoa kile anachodai kukitoa, kwa kuwa barua ya mfalme ina nguvu pale tu wanaoisomewa wanapomtambua mfalme huyo. Sehemu ya pili ni mgawanyo wa amri, yaani jinsi madaraka juu ya watu, chakula na silaha yanavyogawiwa baina ya viongozi wawili au zaidi ambao kila mmoja ametumwa na mkuu wake.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Hispania. Tarehe 22 Machi 1518, mjini Valladolid, mfalme Carlos wa Kwanza alitia saini mapatano na Wareno wawili, baharia na askari Fernão de Magalhães, anayejulikana zaidi kwa jina la Magellan, na mtaalamu wa elimu ya nyota Rui Faleiro, akawapa wote wawili cheo kimoja cha ukapteni mkuu juu ya merikebu tano zilizokusudiwa kufika Visiwa vya Viungo kwa kupitia magharibi. Faleiro aliondolewa kabla ya safari kuanza, na mwaka 1519 Juan de Cartagena, mkaguzi aliyeteuliwa na mfalme, akawekwa kando ya Magellan kwa maneno yaliyoonyesha kwamba wawili hao waungane katika uongozi bila kubainisha kama kuungana huko ni usawa au utii. Merikebu ziliondoka Sanlúcar mwezi Septemba 1519, na Aprili 1520, katika bandari ya San Julián kusini kabisa mwa Amerika, manahodha waliokuwa upande wa Cartagena waliasi. Magellan alishinda, akamtelekeza Cartagena ufukweni. Alishinda kwa sababu mshindani wake alikuwa karibu, ndani ya bandari ileile, na ugomvi uliopandwa na karatasi za Hispania ungeweza kumalizwa kwa usiku mmoja na siku moja.

Afrika Mashariki na Kati haikuwahi kutuma merikebu za namna hiyo, lakini iliona msafara ulioandaliwa na watawala wengi zaidi na kugawanyiwa amri kwa namna mbaya zaidi, nao ni msafara wa Henry Morton Stanley wa kumwokoa Emin Pasha. Msafara huo unawahusu wasomaji wa Mbarara na wa Nakivale kuliko vitabu vingi vinavyoonyesha, kwa kuwa mwezi Julai 1889 ulipita Nkore na kuvuka mto Kagera kuingia Karagwe, yaani ulikatiza nchi ambayo leo ni wilaya ya Isingiro, iliyo na ziwa Nakivale na makazi ya wakimbizi ambayo Juru ni mojawapo ya kanda zake. Tena, wengi wa wakazi wa Juru wametoka mashariki ya Kongo, na Kiswahili wanachozungumza kilienezwa huko kwa sehemu kubwa na watu wa Kasongo na Maniema waliokuwa chini ya mmoja wa wahusika wakuu wa habari hii.

Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, alikuwa daktari kutoka Silesia aliyeingia katika utumishi wa Misri na kufanywa gavana wa Ekwatoria, jimbo la kusini la Sudani ya Misri, mwaka 1878. Khartoum ilipotekwa na jeshi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri, mwezi Januari 1885 na Jenerali Gordon kuuawa, Emin alibaki kando ya Nile karibu na ziwa Albert pamoja na askari wake Wasudani na familia zao, njia ya kwenda Misri ikiwa imefungwa. Habari zake zilifika Ulaya mwaka 1886, na kabla ya mwaka huo kwisha William Mackinnon, mwenye kampuni ya meli iliyokuwa na maslahi makubwa Zanzibar, alikuwa ameunda kamati mjini London ya kutuma msafara. Serikali ya Uingereza haikutaka kuutuma kwa jina lake, ikaacha jambo hilo mikononi mwa watu binafsi, huku serikali ya Misri ikichangia pauni 10,000. Tangu siku ya kwanza, basi, msafara ulikuwa na mfadhili mkubwa asiyekuwa mwenye amri, na mwenye amri wa kisheria ambaye nchi yake ilikuwa chini ya majeshi ya Waingereza tangu 1882.

Watawala watatu waliweka mkono katika maandalizi, na inafaa kutazama kila mmoja alitoa nini. Khedive Tewfik, mtawala wa Misri aliyetambuliwa kuwa naibu wa Sultani wa Uturuki, alimwandikia Emin barua iliyompa uchaguzi wa kurudi Misri pamoja na askari wake na kulipwa mishahara yao, au kubaki huko kwa dhima yake mwenyewe bila kutarajia msaada zaidi. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mkuu wa Dola Huru la Kongo, alikuwa bado na haki juu ya utumishi wa Stanley, akatoa ruhusa kwa sharti kwamba msafara upitie mto Kongo, badala ya njia fupi zaidi ya kutoka pwani ya mashariki, na akaahidi stima za kuubeba. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa bandari, soko la wapagazi na baraka zake kwa mapatano yaliyofungwa mjini mwake.

Kilichosahauliwa katika maandalizi hayo ni kwamba kila mmoja alitoa asichokuwa nacho. Khedive aliwaita nyumbani askari wa jimbo ambalo Misri ilikwisha kulipoteza. Leopold alitoa njia na vyombo, lakini kituo chake cha Stanley Falls, ambapo sasa ni Kisangani, kilikuwa kimeshambuliwa na kuachwa mwaka 1886, na msafara ulipofika Leopoldville mwezi Aprili 1887 stima zilizokuwa tayari hazikutosha, hata Stanley akalazimika kuchukua kwa mabavu kiasi vyombo vya wamisionari. Barghash naye alikuwa ametoka tu kupunguziwa nchi, kwa maana mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwisho wa mwaka 1886 yalimwachia ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi tu na kugawa bara iliyobaki kuwa maeneo ya ushawishi. Sultani aliyekuwa akihesabiwa kuwa bwana wa njia zote za bara hadi Maniema hakuwa tena na sauti ya kumwambia mtu wa Maniema afanye nini, na mwenyewe alilijua hilo kuliko wageni wake.

Mtu huyo wa Maniema alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye wakati huo alikuwa Zanzibar. Tarehe 24 Februari 1887, ndani ya ubalozi wa Uingereza, Stanley na Tippu Tip walifunga mapatano yaliyomfanya Tippu Tip gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akitakiwa kupandisha bendera ya Dola la Kongo na kuzuia uwindaji wa watumwa upande wa chini wa mto. Pamoja na hayo, aliahidi kumpatia Stanley wapagazi 600 wa kubeba mizigo kutoka mto Kongo hadi ziwa Albert. Mapatano haya ndiyo moyo wa jambo zima. Kwa hati moja mtu mmoja alifanywa mtumishi wa mfalme wa Ubelgiji, raia wa Sultani wa Zanzibar, mkandarasi wa kamati ya London, na mshirika wa msafara uliotumwa kwa jina la Khedive, bila hati yoyote kusema nani kati ya hao ana haki ya kumlazimisha. Mshahara wenyewe, ukilinganishwa na thamani ya pembe zilizopitia mikononi mwake, ulikuwa ishara ya heshima tu. Tippu Tip aliyapokea mapatano hayo kwa sababu yalimpa utambulisho katika dunia ambamo jina la Sultani halikutosha tena kumlinda. Suala la baruti, ambayo kwa hoja yake ilipaswa kutolewa na msafara kwa ajili ya watu wake, liliachwa bila kufungwa vizuri, na baadaye likawa kisingizio au sababu halali kulingana na anayesimulia.

Siku iliyofuata meli ya Madura iliondoka Zanzibar kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo, ikiwa na watu wapatao 700, wengi wao Wangwana, jina walilojiita wapagazi na askari wa Zanzibar waliozoea safari za bara, ingawa si wachache kati yao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Tippu Tip na watu wake wapatao 96 walisafiri katika meli hiyohiyo. Ni vigumu kukuta msafara mwingine uliowabeba viongozi wake wawili pamoja namna hii kisha ukawatenganisha mara tu ulipofika palipohitaji umoja wao.

Mpangilio wa zamani wa misafara kutoka Zanzibar ulikuwa na hekima ambayo maandalizi ya 1887 yaliipuuza. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857, Sultani aliwapa Said bin Salim kuwa kiongozi wa msafara, mtu wa pwani aliyesafiri nao na kula nao, na ambaye mamlaka yake yalipimwa kila asubuhi na wapagazi walioamua kubeba au kutobeba. Chini ya kiongozi walikuwepo wanyapara, yaani wakuu wa makundi ya wapagazi, ambao ndio waliojua nani mgonjwa, nani anapanga kutoroka, na chakula kitapatikana wapi. Amri katika msafara wa Kiswahili ilipanda kutoka chini kadiri ilivyoshuka kutoka juu. Wengi wa maofisa Waingereza waliochaguliwa na Stanley hawakuwa na uzoefu wa mpangilio huo. Wawili kati yao, James Sligo Jameson na Arthur Jephson, walipata nafasi zao baada ya kuchangia pauni 1,000 kila mmoja katika mfuko wa kamati, na Meja Edmund Barttelot, aliyekabidhiwa jukumu zito kuliko wote, hakujua Kiswahili.

Jukumu hilo lilikuwa kambi ya Yambuya, juu ya mto Aruwimi. Kwa kuwa stima hazikutosha kupeleka watu na mizigo yote kwa pamoja, Stanley aliugawa msafara mwezi Juni 1887 kuwa kikosi cha mbele, alichokiongoza mwenyewe kuingia msitu wa Ituri akiwa na watu karibu 390, na kikosi cha nyuma chini ya Barttelot, kilichofikia watu wapatao 270 baada ya mizigo na maofisa waliobaki kuwasili. Maagizo yaliyoandikwa tarehe 24 Juni yalimtaka Barttelot awasubiri wapagazi wa Tippu Tip, wakifika, afuate, wakija wachache, atupe baadhi ya mizigo au asafiri kwa awamu, wasipokuja kabisa, atumie busara yake. Msomaji mwepesi ataona maagizo haya yana majibu ya kila hali. Kwa kweli yalimnyima Barttelot kitu kimoja alichokihitaji, nacho ni mamlaka juu ya mtu ambaye kila kitu kilimtegemea. Mkuu wa kambi aliwajibika kwa mizigo, gavana wa Stanley Falls aliwajibika kwa wapagazi, na kati yao hapakuwa na mkuu wa tatu aliyekuwa karibu zaidi ya London, Brussels au Zanzibar.

Kilichofuata kimeandikwa mara nyingi, na magazeti ya London ya 1890 yalikifurahia kupita kiasi. Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, alituma watu mwanzoni wakarudi njiani. Barttelot na Jameson walifunga safari za kwenda Stanley Falls, na Jameson akafika hadi Kasongo, kumwomba atimize ahadi. Miezi kumi na moja ilipita. Wangwana wa Yambuya, wasio na kazi na wasioruhusiwa kwenda popote, waliishi kwa mihogo michungu bila kuiloweka na kuikausha inavyopaswa, na sumu yake, pamoja na viboko vya meja, ikawamaliza mmoja mmoja. Hapa mtu yeyote aliyekulia katika mashamba ya Kivu au ya Isingiro ataona aibu ya jambo hilo kuliko mwandishi wa Ulaya, kwa kuwa namna ya kutoa sumu ya muhogo hujulikana na kila mama wa nyumbani, na kambi iliyojaa watu wazima ilikufa kwa kukosa elimu hiyo, au kwa kukosa ruhusa na nafasi ya kuitumia.

Mwezi Juni 1888 Tippu Tip alitoa hatimaye watu wapatao 400, chini ya mnyapara Muni Somai, kwa sharti kwamba mizigo ipunguzwe uzito, na kikosi kikaanza safari. Tarehe 19 Julai 1888, huko Banalya, Barttelot alipigwa risasi na mtu wa Maniema aitwaye Sanga, katika ugomvi uliotokana na mke wa mtu huyo aliyekuwa akipiga ngoma alfajiri. Stanley aliporudi kutoka ziwa Albert tarehe 17 Agosti akikitafuta kikosi chake cha nyuma, alimkuta ofisa mmoja tu, William Bonny, pamoja na watu takriban 100 waliobaki, wengi wao hoi. Jameson alikufa kwa homa siku hiyohiyo, mbali upande wa chini wa mto.

Stanley alieleza maafa haya kwa majina mawili, usaliti wa Tippu Tip na tabia mbaya ya Barttelot, na baadaye akafungua mashtaka dhidi ya Tippu Tip mjini Zanzibar akidai pauni 10,000, kisha mashtaka yakaachwa. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, kwa maana Barttelot alikuwa mkali hadi ukatili na Tippu Tip hakuharakisha kitu kisichomletea faida. Hata hivyo yanaficha aliyeyaunda mazingira. Mtu aliyeandika mapatano ya Februari na maagizo ya Juni ni mmoja, na katika hati zote mbili aliacha pengo lilelile la amri, labda kwa sababu aliamini kwamba jina lake mwenyewe lingetosha kulijaza akiwa mbali. Magellan aliikuta hitilafu ya karatasi zake San Julián akiwa na merikebu zake mbele ya macho; Stanley aliikuta yake Banalya baada ya karibu miezi kumi na minne ya kutopata habari.

Upande wa Emin, barua ya Khedive ilifanya kazi mbaya kuliko kutofanya kazi. Stanley alikutana na Emin ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, akamkabidhi si pendekezo moja bali matatu: kurudi Misri kwa wito wa Khedive, kulitawala jimbo kwa niaba ya Leopold kwa mshahara wa pauni 1,500 kwa mwaka, au kuhamia kaskazini-mashariki ya ziwa Viktoria kwa niaba ya kampuni nyingine ya Mackinnon, ile ya Afrika Mashariki. Mjumbe aliyebeba bendera ya bwana mmoja huku mfukoni ana ofa za wengine wawili alikuwa ameugawanya utii wa watu aliokuja kuwaokoa. Maofisa Wamisri na Wasudani wa Ekwatoria walipoisikia barua hiyo waliuliza swali la busara, kwamba kama kweli inatoka kwa Khedive kwa nini imeletwa kutoka kusini-magharibi na watu waliochakaa, wakati njia ya kwenda Misri ni Khartoum; wengi hawakusadiki hata kwamba Khartoum imeanguka. Mwezi Agosti 1888 wakamkamata Emin pamoja na Jephson, ambaye Stanley alimwacha huko. Waliachiliwa baadaye vita vya Mahdi vilipokaribia, na tarehe 10 Aprili 1889 msafara uliondoka kwa Kavalli, karibu na ziwa Albert, ukiwa na watu kama 1,500.

Njia ya kurudi ilishuka bonde la Semliki chini ya milima Ruwenzori, ikapita maziwa ya chumvi ya Katwe, ikaingia Nkore mwezi Julai. Hapo ndipo msafara ulipokutana na mtawala aliyeshughulikia suala la amri kwa uangalifu kuliko wote waliouandaa. Mugabe, yaani mfalme wa Nkore, Ntare wa Tano hakumwendea Stanley, wala hakumzuia. Alimtuma kijana wa ukoo wa kifalme, Buchunku, ambaye Stanley alielezwa kuwa ni mwanawe, kuchanjiana naye undugu kwa desturi ya Kinyankore iitwayo omukago, yaani kiapo cha damu kinachowafunga wawili waliokula kiapo kusaidiana. Kwa upande wa Stanley tukio hilo liligeuka mkataba wa kuikabidhi nchi, ambao baadaye ulipewa kampuni ya Mackinnon. Kwa upande wa Ntare, nafsi ya mfalme haikufungwa, kwa kuwa damu iliyochanganywa haikuwa yake, na msafara ulipata chakula na njia mpaka Kagera, jambo ambalo yeye aliweza kulitoa kwa kuwa lilikuwa lake. Wakati huohuo Nkore ilikuwa imewapokea Wakristo wa Buganda waliofukuzwa na mapinduzi ya mwaka 1888, nao wakatuma wajumbe kumwomba Stanley awasaidie kurudi. Stanley alikataa, na kwa mara moja msafara huo ukakataa bwana mwingine wa kuutumikia. Msafara ulifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, na katika Wangwana walioondoka na meli ya Madura hata nusu hawakurudi.

Mapatano ya damu hayakumtosha wakala aliyefuata wa kampuni. Kapteni Frederick Lugard alipopita Nkore mwezi Julai 1891, alilazimika kufanya omukago upya, safari hii na Birere, mjumbe mwingine wa Ntare, kwa kuwa Ntare hakutokea tena. Lugard alikuwa njiani kwenda kwa Kavalli kuwachukua askari wa Emin walioachwa nyuma chini ya Selim Bey, aliowahitaji kwa ngome zake za Toro na Kampala. Aliwakuta na nguo za ngozi na pamba za kufuma wenyewe, bado wakijihesabu kuwa jeshi la Misri. Selim Bey alikubali kuondoka naye, lakini alikataa katakata kuingia katika utumishi wa kampuni mpaka Khedive mwenyewe atoe idhini, na Lugard, aliyekuwa na bunduki na bendera ya kampuni yenye hati ya malkia wa Uingereza, akalazimika kuahidi kwamba ataandika Cairo kuiomba.